Kisanduku Kisichosogea

“Zima hiyo skrini,” Mwalimu Atuganile aliniambia. “Macho yako yana kiherehere.”

Nilikuwa hata sijakaa vizuri. Nikamwambia nataka kujifunza kusanifu kurasa, na ukurasa ni kitu cha kutazamwa; sasa nitasanifu vipi huku nikitazama giza? Akacheka. Atuganile ni kipofu tangu kuzaliwa, mwanamke wa rika langu, mnene, mwenye ulimi mkali na mapenzi makubwa ya karanga za kukaanga. Maganda yalikuwa yamejaa mezani kwake.

“Mimi nasanifu kurasa tangu nikiwa msichana, na sijawahi kuona hata moja,” alisema. “Zima.”

Nikazima. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati la chuo, ile mvua yetu isiyojua likizo, na mbele yangu kulikuwa na kibodi ya zamani ambayo herufi zake zilishafutika kwa vidole vya watu.

“Haya. Programu hii inaitwa Mwashi. Kila kilichomo kwenye ukurasa ni kisanduku ndani ya kisanduku. Kikubwa ni mzazi, vilivyomo ndani yake ni watoto, na watoto wa mzazi mmoja ni ndugu. Mshale wa juu na wa chini unakupeleka kwa ndugu. Wa kulia unakuingiza kwa mtoto. Wa kushoto unakurudisha kwa mzazi. Mpaka hapo kuna kigumu?”

“Hakuna.”

“Tembea basi.”

Nikatembea. Kila nilipobonyeza, sauti kavu ya mashine ilitaja nilipofika: kichwa cha ukurasa, habari za kata, zahanati, bei ya maparachichi. Huu ulikuwa Ukurasa wa Kata yetu, ule ule ninaousoma kila asubuhi kwenye kioo cha nyumbani, ila safari hii nilikuwa nimeingia kwa mlango wa nyuma.

“Hapo ulipo ni kwenye msingi,” Atuganile alisema. “Huku chini Mlezi hafiki.”

Mlezi ni programu; ndiye anayekaa kati ya ukurasa na macho yetu. Kioo cha ukutani kinakutazama kabla wewe hujakitazama: mboni, kope, mshipa wa shingo. Ukikigusa, kinapima jasho la kidole chako. Kisha Mlezi anaupanga ukurasa upya kulingana na kile anachoamini moyo wako utaweza kukibeba, na ndiyo maana watu wawili wa nyumba moja hawasomi ukurasa mmoja. Aliletwa baada ya ile miaka ya habari mbaya, watu walipokuwa wakianguka simu zikiwa bado mikononi. Hakuna aliyelalamika. Mimi mwenyewe nilishangilia, kwa sababu mama yangu ana moyo mbovu.

Kibodi ilisahauliwa. Herufi haina jasho. Ukibonyeza S ni S tu, uwe unacheka au unalia. Mlezi hana cha kusoma hapo, wala kwa kipofu hana macho ya kupima, kwa hiyo Atuganile na wanafunzi wake walibaki kusikiliza ukurasa ulivyo, bila mtu wa kuwapangia.

Na sikuja chuoni hapo kwa ajili ya masomo. Nilikuja kugombana.

Mama yangu na Bibi Sekela walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana wa kuchuma chai. Walikuwa na utani wao. Mama akienda kwa Sekela, anaanza kupiga kelele tangu barabarani: “Wewe bibi, hujafa tu?” Na Sekela anajibu kutoka jikoni: “Nakusubiri wewe utangulie!” Majirani walishazoea. Basi siku moja mama akajaza kikapu ndizi mbivu, akapanda kilima, akapiga kelele yake ile ile. Jikoni hakujibu mtu. Alipokunja kona ya migomba akakuta wanawake wamekaa kwenye mikeka, na kando ya nyumba kaburi, udongo wake bado mbichi.

Kwetu Rungwe mtu anaweza kukosa harusi yako, akakosa na ubatizo wa mwanao, na mkaendelea kusalimiana. Kukosa msiba ni habari nyingine. Sasa mama alikuwa amekosa maziko ya rafiki yake wa maisha, kisha akaja akitania. Tangu siku ile akifika bombani mazungumzo yanakatika. Alijaribu kueleza kwamba kioo kilimwonyesha maua na bei za sokoni. Nani amwamini? Watu walijua Mlezi anapanga. Hawakujua kwamba anaficha. Walioona tangazo la Sekela waliliona kwa sababu hawakuwa karibu naye sana. Mama hakuliona, nami sikuliona, kwa sababu tulimpenda. Ukimpenda mtu sana, ndiyo huambiwi.

Nikasikia kwamba Atuganile ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye maziko. Nikamwendea nikiwa nimevimba kwa hasira. “Umemzika Sekela na hukutuma hata mtu kwetu!”

“Nitume mtu apeleke habari iliyo kwenye Ukurasa?” alishangaa. “Asubuhi ile ilikuwa ya kwanza kabisa. Hata habari ya maji ilikuja baada yake.”

Ndipo nilipoelewa kwamba Mlezi anaficha, nikamwomba anifundishe kuufikia Ukurasa ulivyo. Kisha akanivutia kiti, akasema nizime skrini.

*

Nilijifunza kwa shida na kwa kelele. S inazaa kisanduku kipya. M inaandika maneno ndani yake. N inaongeza nafasi, U ukubwa, F inafuta, R inarudisha ulichokiharibu. Alama ya kuuliza inakuambia umesimama wapi, na hiyo Atuganile aliitaka kila dakika.

“Chagua kwanza, tenda baadaye,” alikuwa akirudia. “Watu wa vioo wamezoea kunyoosha kidole, kidole kikakosea wakasema mashine mbovu. Hapa usipojua uliposimama, unabomoa nyumba ya mtu.”

Nilibomoa. Nilidhani niko kwenye kisanduku cha mtoto, kumbe niko kwa mzazi wake, nikabonyeza F, na zahanati yote ya kata ikatoweka na saa zake za kazi na namba ya mkunga. Nilipiga ukelele. Atuganile alitema ganda la karanga, akabonyeza R, zahanati ikarudi. “Sasa umekuwa mwashi,” alisema. “Ambaye hajabomoa hajajenga.”

Nilipoanza kuzoea, mikono ikawa inajua njia peke yake. Nilishangaa kukuta kwamba ninaiona sura ya ukurasa kichwani bila skrini: hapa kimo, hapa upana, huyu yuko ndani ya yule. Siku aliyoniruhusu kuwasha skrini, niliangalia kazi yangu nikaikuta ilivyokuwa kichwani. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia.

“Ni nzuri?” aliuliza.

“Nzuri.”

“Hilo ndilo nisiloweza kujua. Mimi najua kila kitu kilipo. Kama kinapendeza, mpaka niambiwe.”

Kisha akanifundisha K, yaani kaza. Zamani skrini zilikuwa za kila ukubwa, na wasanifu walihitaji njia ya kuzuia kisanduku kisihamehame kutoka skrini moja hadi nyingine. Kilichokazwa hakisogei, hakifunikwi, hakipungui. Mlezi alijengwa juu ya Mwashi, na sheria za msingi hawezi kuzivunja. Hajawahi kukutana nazo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukaza kitu. Na msingi ni mali ya kata. Mkazi yeyote ana haki ya kuweka tangazo pale, haki ambayo haikufutwa na mtu, ila haikutumiwa tena.

Damu ilinichemka. Nikatengeneza tanzia ya mazoezi: kisanduku kipana juu ya vyote, jina la marehemu kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha ukurasa. Mashine ikamsomea Atuganile. Akaacha kutafuna.

“Nani alikufundisha kubisha hodi kwa jeneza?”

“Si tunataka ukweli?”

“Ukweli una mlango wake wa kuingilia. Mtu akifiwa na mwanawe, wewe unampigia simu unamwambia amekufa? Si unasema mgonjwa kazidiwa, unatanguliza wanawake wakakae naye, ndipo mtu mmoja aseme?”

“Basi si ndivyo anavyofanya Mlezi?”

Mvua ilipungua, ikaongezeka tena. “Hilo ndilo litakalokusumbua,” alisema hatimaye. “Na mimi sina jibu lake.”

*

Bwana Gwamaka, Afisa Utulivu wa kata, si mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikera siku alipokuja. Angekuwa mbaya ningemjibu kirahisi. Alifuta viatu mlangoni, akapokea shikamoo zetu kwa upole, akakaa na mwavuli wake magotini.

“Nimeambiwa mnachokonoa msingi wa Ukurasa.”

“Tunajifunza,” alisema Atuganile.

“Mnajifunza nini?”

“Mishale.”

Hakucheka. Alinigeukia mimi. “Dada Tusekile, najua yaliyompata mama yako. Pole. Lakini sikiliza na yangu. Baba yangu alisoma habari ya ajali ya dada yetu akiwa amesimama uani, peke yake. Tulimkuta amelala chini, simu bado inawaka. Tukazika wawili kwa mara moja. Nilipoambiwa kuna kazi ya kuzuia jambo hilo lisimpate mwingine, sikuuliza mshahara.”

Nilimwambia pole, na nilimaanisha.

“Wazee wetu walificha msiba mpaka mtu awe tayari,” aliendelea. “Mlezi anafanya walivyofanya wazee.”

“Hapana,” nilisema, na nikasikia sauti yangu inapanda. “Wazee walificha wakiwa njiani wanakuja. Walificha kwa muda wa kutoka nyumba moja kufika nyingine, halafu wakaingia, wakakaa, wakasema. Mlezi anaficha, na hamtumi mtu. Mama yangu amefichwa mpaka amekutana na kaburi. Huko ni kumlea?”

“Mama yako yuko hai.”

“Yuko hai na hakuna anayemsalimia!”

“Yuko hai,” alirudia polepole. “Mkikaza, yule mwenye moyo mzima na yule mwenye moyo kama wa mama yako watasoma jambo moja kwa wakati mmoja. Siku akidondoka mbele ya kioo, utakuja hapa uniambie nini?”

Nilimchukia kwa swali hilo. Hasira ikanitoa swali lingine. “Na wewe je, afisa? Wewe umefichwa nini?”

“Mimi?” Alitabasamu. “Mimi ndiye msimamizi. Mimi naona yote. Hata kaka yangu aliyeko machimbo ya Chunya, kila wiki kioo kinanionyesha salamu zake.”

Nilitegemea Atuganile atupie neno lake la kejeli. Hakutupia. Aligeuzia uso dirishani, vidole vyake vimesimama juu ya kibodi, akakaa kimya, jambo ambalo si kawaida yake kabisa.

Bwana Gwamaka akainuka, akachomoa waya wa skrini, akaifunika kwa koti lake isilowe. “Naichukua kwa usalama wenu,” alisema. “Bila hii mtapumzika kidogo.”

Akaondoka nayo mvuani, ameikumbatia. Kibodi akaiacha. Mashine yenyewe akaiacha, inanguruma chini ya meza. Tulisubiri mpaka hatua zake zikapotea, kisha Atuganile akacheka mpaka akapaliwa na karanga, ikabidi nimpige mgongoni.

*

Kesho yake asubuhi nilifika mapema. Nilikuta Atuganile hana karanga mkononi. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani.

“Kaa,” alisema. “Kaa karibu yangu.”

Nilijua kabla hajasema zaidi. Akanishika mkono wa kushoto, akaniachia wa kulia, akaniambia nishuke mwenyewe: habari za kata, mshale wa kulia, mshale wa chini. Sauti kavu ikasoma. “Tanzia. Anyosisye Mwakalobo, mzaliwa wa kata hii. Amefariki Kyela. Maziko ni kesho, nyumbani kwake.”

Mjomba Anyosisye. Ndugu pekee aliyembakia mama. Aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwa kunisukuma kwenye mteremko na kukimbia pembeni akicheka. Nililia juu ya ile kibodi, na Atuganile hakuniambia ninyamaze.

“Nenda ukamwambie mama yako,” alisema nilipotulia. “Kwa mdomo. Kioo hakitamwambia.”

“Peke yangu?”

“Peke yako.”

“Na nani atakaa naye? Majirani wameshaona, wanadhani anajua, na hakuna atakayekuja, maana yeye hakwenda kwa Sekela. Atalia na mimi tu ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Huo si msiba, Atuganile. Huko ni kuugua.”

Alisogeza kiti chake pembeni, kibodi ikabaki mbele yangu peke yangu.

Mlima mzima ulikuwa kwenye ukungu, na mbele yangu hakukuwa na skrini ya kutazama. Sikuihitaji. Alama ya kuuliza: niko wapi? Mashine ikanijibu: kichwa cha ukurasa. Kushuka kwa ndugu. S. Kisanduku kikazaliwa. U, mpaka kikajaza upana wote. N juu, N chini, kipate hewa. Kisha M, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Jina la mjomba niliweka, nikakumbuka jeneza linalobisha hodi, nikaliondoa. Mwishoni mashine ikasoma hivi:

“Mama Tusekile, nyumba ya juu ya daraja, hakumkimbia Bibi Sekela. Mlezi alimficha. Leo anamficha tena: amefiwa, na hajui. Nendeni mkakae naye. Jina litasemwa kwa mdomo.”

Kidole changu kikafika kwenye K, kikasimama. Siku akidondoka, utaniambia nini? Swali la Gwamaka lilikuwa limekaa pale pale aliponiachia. Huenda nilikuwa ninamuua mama yangu. Nasema wazi kwamba nilijua hivyo, na sitaki mtu aje kunisifu kwamba nilikuwa na uhakika. Lakini nilimkumbuka akirudi na kile kikapu cha ndizi, hajakipunguza hata ndizi moja, akakiweka sakafuni na kukaa kando yake mpaka zikaoza. Moyo ule ulikuwa unakufa hata hivyo, taratibu, kwa utulivu, jinsi Mlezi anavyopenda. Huzuni ya mtu ni mali yake. Hakuna aliyeipa mashine ruhusa ya kumrithi mama yangu akiwa hai.

Nikabonyeza K.

“Kimekazwa,” ilisema ile sauti.

Atuganile alivuta pumzi. “Na mama yako naye ana kioo,” alisema. “Kimbia.”

*

Nilikimbia. Nilianguka kwenye utelezi wa mashamba ya chai, nikainuka na tope mpaka kifuani. Nilipofika darajani niliwaona: wanawake wanatoka majumbani mwao, wamejifunga kanga kiunoni, wamejifunika majani ya migomba kwa mvua, wengine wamebeba masufuria, mmoja gunia la mkaa. Mama Lusajo, yule aliyekuwa wa kwanza kumnyima mama salamu bombani, alinipita mbio bila kunitazama, analia.

Mama alikuwa mlangoni.

“Tusekile!” aliita, na sikuwa nimemwona na uso ule tangu Sekela afe. “Njoo uone, mwanangu! Wamekuja! Karibuni, ndaga, asanteni, karibuni ndani. Nina magimbi tu, hamkuniambia, ningepika.” Alikuwa anahangaika na viti, anafuta meza kwa ncha ya kanga, anacheka. “Wamenisamehe, Tusekile. Unaona? Wote wamekuja.”

Sijawahi kutazama jambo gumu kama lile. Wanawake waliingia mmoja mmoja. Hakuna aliyechukua kiti. Walikaa chini sakafuni, wakanyoosha miguu, wakaegemea ukuta, na hakuna aliyegusa magimbi. Mama aliendelea kusema karibuni, karibuni, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akasimama katikati ya chumba na sahani mkononi, akaangalia ile miguu iliyonyooshwa.

Akaenda kwenye kioo. Kikamtambua, kikawaka maua, kikamuuliza kwa ile sauti yake ya asali kama angependa kusikia habari za soko. Lakini juu ya maua kisanduku changu kilikuwa kimesimama. Mlezi alijaribu kukisogeza; niliona ukurasa unatetemeka pembeni, picha zinahama huku na huku zikitafuta pa kupita. Hakikusogea. Mama akasoma jina lake mwenyewe, midomo ikicheza. Akasoma mpaka mwisho.

Akaweka sahani chini. Akanigeukia.

“Nani?”

Mama Lusajo alikuwa ameshamfikia, na mwingine upande wa pili, wamemshika mikono. Mlango ukafunguka nyuma yangu. Ni Bwana Gwamaka, analowa, ana mkoba wa dawa mkononi. Kioo kilikuwa kimempelekea mapigo ya moyo wa mama. Alinitolea ishara nisiseme. Nikasema.

“Ni mjomba, mama. Mjomba Anyosisye.”

Aliweka mkono kifuani. Chumba kizima kilitazama mkono ule. Gwamaka alipiga hatua moja mbele, mkoba umeshafunguliwa, na mimi nilikuwa ninaomba kwa majina yote ya Mungu ninayoyajua. Mama alifumba macho. Akayumba, wale wawili wakayumba naye. Kisha akapiga yowe.

Lilikuwa yowe refu, la kutoka tumboni, na ndani yake mlikuwa na mjomba na Sekela pamoja; na kabla halijaisha wanawake walilipokea, wote kwa mara moja, mpaka kioo kikazimika chenyewe kwa kushindwa kupima. Walilia naye. Walimkalisha wakamzunguka. Mama Lusajo alimwomba radhi sikioni, na mama alimpiga kofi dogo la begani, kisha akamvutia kwake.

Alipopata pumzi aliita kanga yake nyeusi. “Safari hii nazika,” alisema. “Hata kwa kutambaa, Kyela nitafika.”

“Mama,” Bwana Gwamaka alisema kwa upole wake, “naomba nikupime kwanza. Na wewe dada, kile kisanduku kilegeze. Leo tumebahatika. Kesho kitamsomea mtu mwingine.”

Mama alimtazama kutoka sakafuni, macho yamevimba, kanga imemwanguka kichwani, na sijawahi kumwona mkubwa kiasi kile.

“Mwanangu Gwamaka, umekuja msibani au umekuja kazini? Kama ni kazini, mlango huo hapo. Kisanduku hakilegezwi. Nimenyang'anywa Sekela, nikaambiwa nitazame maua. Moyo huu ni wangu. Ukikatika, ukatike nikiwa nalia na watu wangu. Kama umekuja msibani, vua viatu.”

Gwamaka alibaki amesimama. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye koti lake. Atuganile alikuwa ameshafika, fimbo yake mkononi, ameegemea mlango, na alipoisikia sauti ya afisa aliinamisha kichwa. Gwamaka alimwona akiinamisha. Alimtazama kwa muda mrefu.

Kisha akafunga ule mkoba. Akainama, akafungua kamba za viatu, kimoja, kingine, akavipanga ukutani. Aliponifikia aliniuliza kwa sauti ambayo mimi tu ningeisikia, sauti ya mtoto anayeuliza kitu gizani.

“Kule kwenye msingi… yale matangazo ya zamani, ya machimbo ya Chunya, bado yapo?”

Nilimtazama Atuganile, na Atuganile akainamisha kichwa tena. Ni mama aliyetuona. Alifuta uso kwa kanga, akasogea kwenye mkeka, akawasukuma wenzake kwa kiwiko.

“Sogeeni,” alisema. “Mpeni nafasi katikati yetu. Na huyu amefiwa, ila bado hajaambiwa.”